Mshiriki A

Katika maabara ya hospitali, mtu huliacha jina lake mlangoni. Huingia akiwa baba wa watu, au bibi harusi mtarajiwa, au mchuuzi aliyeiacha meza yake chini ya uangalizi wa jirani. Akishanyoosha mkono na kuchomwa sindano, kinachoendelea na safari kwenda meza ya ndani ni kijichupa chenye namba. Ni utaratibu wa busara, na mwanamke wa habari hii aliusimamia bila kupepesa macho. Siku moja alimrudisha muuguzi mpaka wodini, ngazi zote, kwa kosa la kuandika jina la mgonjwa pembeni ya namba.

"Lakini dada, namba si ipo?" muuguzi alilalamika. "Jina nimeongezea tu."

"Ndiyo kosa lenyewe. Jina ni la mwenyewe. Sisi tumepewa damu tu."

Muuguzi alishuka akinung'unika kwamba kuna watu wamezaliwa wakiwa wamevaa koti jeupe. Siku hizi mtaalamu huyo akilikumbuka tukio hilo hutazama pembeni, hata akiwa peke yake chumbani.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye shahada yake na miaka mingi ya kuinama juu ya hadubini akitafuta kidudu kimoja katika uwanja mzima wa chembe nyekundu. Uvumilivu huo wote aliuacha kazini. Nje ya maabara kulikuwa na kitu kimoja kilichomchemsha damu kuliko vyote: mtu anayesema jambo asilolijua kwa sauti ya mtu anayelijua. Na watu wa namna hiyo, mtandaoni, wamejaa kama mchanga.

Kulikuwa na kundi lililojiita Uwanja wa Hoja, lenye wanachama maelfu, wengi wao wakazi wa mji uleule. Huko watu walibishana juu ya kila kitu kilichowahi kuguswa na sayansi: kama chanjo ina kitu ndani yake, kama kompyuta zitawafukuza walimu madarasani, kama maji ya moto asubuhi huyeyusha mafuta ya tumbo. Lilikuwa na desturi yake. Aliyezidiwa kwa hoja alipewa kiti. Maana yake, watu walimrundikia picha za viti vitupu ili aketi na kunyamaza. Viti vya plastiki, viti vya kinyozi, makochi yaliyotoboka sponji. Waliokuwa wakiyafuatilia mabishano hayo hawakumbuki mtu aliyewahi kuketi kisha akajifunza jambo. Wanakumbuka vicheko.

Huko, mtaalamu wetu aliitwa Hadubini, na alikuwa bingwa wa kugawa viti. Hasimu wake mkubwa alijiita Antena, mwanamume asiyejulikana sura, ambaye kwa kila maradhi alikuwa na jibu moja: minara ya simu. Mtoto akichelewa kutembea, mnara. Kuku wakiacha kutaga, mnara.

"Kaka Antena," Hadubini alimwandikia mara moja, "na mkeo akikununia, ni mnara pia?"

Viti vilimiminika juma zima. Alivisoma akila chakula cha mchana, akicheka peke yake, na wenzake wa maabara wakamwambia ana dhambi.

Nyumbani kwake, ghorofa ya tatu ya jengo la rangi ya njano, aliishi na mumewe, fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache aliyependa kusikiliza mashine kuliko watu. Tangu mwaka uliotangulia walikuwa pia na mama wa fundi huyo. Kumpata haikuwa kazi ndogo. Mama alikuwa mjane, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule walikuwa wamepitia mikononi mwake. Wote walimwita Mwalimu, na yeye aliwaita bado kwa majina ya utani aliyowapa wakiwa na kamasi. Hakutaka kuhamia kwa mtu. Aliyembembeleza hakuwa mwanawe bali mkwe, ambaye mama yake mzazi alifariki zamani na ambaye, ingawa hakulisema, alikuwa na njaa ya kuita "mama" na kuitikiwa.

"Nitakuja," Mwalimu alisema hatimaye. "Lakini siku nikijiona nimekuwa kichekesho cha nyumba yenu, nitafunga begi langu, na mtu asinishike nguo."

Walicheka wote watatu. Ilionekana ni jambo lisilowezekana.

Kisha mnara wa simu ukasimikwa juu ya paa la jengo la mkabala, na Mwalimu akaacha kulala.

"Kichwa kinanivuma," alisema mezani asubuhi, macho mekundu, "kama birika lililosahauliwa jikoni."

"Mama, mawimbi yale hayana nguvu ya kumfanya mtu hivyo," mkwe alimweleza, na akaeleza kwa kirefu, kwa usahihi, hadi chai yake ikapoa.

"Mkwe wangu, mimi sibishani na vitabu vyako. Nabishana na mto wangu."

Siku hiyohiyo Mwalimu alilichukua sinia kubwa la aluminiamu, lile linalotoka kabatini wakija wageni wengi, akalisimamisha dirishani nyuma ya kichwa cha kitanda chake. Jua la asubuhi likilipiga, liliwamulika wapita njia macho mtaa mzima.

"Mama," fundi wa majokofu alisema, "ndege zitatua hapa."

"Zitue. Mradi ziniletee usingizi."

Sinia halikumletea usingizi. Wakati huohuo, katika Uwanja wa Hoja, Antena aliandika kwamba wanaokaa jirani na minara hawalali tena. Hadubini akamdai ushahidi, kama ilivyokuwa kawaida yake. Safari hii Antena hakutapatapa. "Ushahidi ni watu, dada. Waulize. Au ninyi wa maabara hamjui kuzungumza na kitu kisichokuwa ndani ya chupa?"

Akapigiwa makofi. Ilikuwa mara ya kwanza Hadubini kuona viti vikielekezwa kwake: kimoja, viwili, kisha msururu. Alikunja uso juu ya simu yake kwenye benchi la nje ya maabara, na hapo ndipo wazo lilipomjia, likiwa limekamilika, safi, kama jaribio la kitabuni. Mtu wa Antena alikuwa naye nyumbani kwake. Alikuwa akimmiminia chai kila asubuhi.

Alianza kesho yake.

"Mama, nimesikia mnara ule wameuzima. Wanaufanyia matengenezo juma hili."

Mwalimu alikishikilia kikombe hewani. "Nani kakuambia?"

"Nimesikia kazini."

"Ulikwenda kuwasemea?" Uso wa mama ukafunguka. "Mkwe wangu, ulikwenda kuwasemea wauzime kwa ajili yangu?"

Kilichotakiwa ni neno dogo: hapana. Halikutoka. Alitabasamu, na tabasamu lile likajibu kwa niaba yake. Kitu kidogo kilimchoma kifuani. Akakiita woga wa mwanzo wa kazi, akaendelea kupaka mkate siagi.

"Na ile taa nyekundu mbona bado inawaka?"

"Ile ni ya kuonya ndege tu, mama. Haihusiani na mawimbi."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli huo mmoja ndio ulioubeba uongo wote uliobaki.

"Umelalaje, mama?" aliuliza asubuhi iliyofuata.

"Kama mtoto aliyenyonya akashiba! Nimeamka mara moja tu, nikageuka upande, nikaota niko darasani na wale watoto wangu wakorofi..." Mwalimu akaisimulia ndoto yote, na mkwe akatikisa kichwa penye kutikisa, akacheka penye kucheka, kisha akaenda chumbani akaandika kwenye simu: *kalala*.

Juma lililofuata alimwambia mnara umewashwa. Birika likarudi kuvuma. Mwalimu alizunguka nyumbani ameshika paji la uso, akaunguza mboga, akamwomba mkwe radhi kwa mboga hizo. Kisha mnara "ukazimwa" tena, na mama akalala tena, akaamka akiimba nyimbo za kuhesabu. Usingizi ulifuata habari, haukufuata mnara. Kila asubuhi swali lilikuwa lilelile, umelalaje, mama, na kila asubuhi jibu lilikuja na ndoto zake, maumivu yake ya goti na shukrani zake. Mkwe alichukua kipande alichokihitaji. Vingine alivitupa.

Alichapisha matokeo wakati wa chakula cha mchana. Alikuwa ameyaandika kwa uangalifu wa mtu aliyezoea ripoti, na kwa mujibu wa taaluma yake hakuweka jina.

"Mshiriki A," aliandika, "ni mwanamke wa miaka sabini na kitu, asiye na elimu yoyote ya sayansi, anayeamini kwamba mnara unamnyima usingizi. Hujikinga kwa sinia la aluminiamu alilolisimamisha dirishani, kana kwamba mawimbi ni nzi. Alipoambiwa mnara umezimwa, alilala kama gogo. Alipoambiwa umewashwa, alikesha. Mnara haukuzimwa hata dakika moja. Anayemkosesha usingizi Mshiriki A ni Antena na wenzake."

Ile ya nzi aliipenda sana. Aliisoma mara kadhaa kabla ya kubofya.

Uwanja ulilipuka. Antena alifunikwa na viti hata jina lake halikuonekana. Watu walimwita Hadubini dada wa taifa, profesa wa mtaani, mwisho wa matatizo. Alirudi kwenye mashine yake ya kuzungusha damu akiwa mwepesi, akijisikia kwamba, mara hii moja, ukweli umeshinda mbele ya mashahidi. Alipochungulia tena simu, mkondo wa maoni ulikuwa umeshageuka njia.

"Sinia! Huyo ni bibi au kiporo? Mbona kafunikwa?"

"Hilo sinia nalijua. Si lile la ghorofa ya tatu, jengo la njano? Kila asubuhi linanipofusha."

Mwingine akaweka picha: dirisha, pazia la maua, sinia likimeta.

"Ninyi, acheni. Pale anakaa Mwalimu wetu wa chekechea."

"Yaani aliyetufundisha a e i o u ndiye Mshiriki A?"

"A ya aluminiamu."

Na vikaragosi vya kucheka hadi machozi, safu kwa safu. Waliovibofya walikuwa watu wazima, wenye kazi zao na heshima zao. Baadhi yao walifunguliwa vifungo vya kaptula na mama huyo walipokuwa hawajui kujifungulia wenyewe, wakapanguswa, wakabembelezwa, wakarudishwa kwa mama zao wasafi. Hakuna aliyelikumbuka hilo kwa muda wa kutosha kukizuia kidole chake.

Hadubini alisimama katikati ya maabara, koti jeupe mwilini, uso ukimwaka. Mashine ilimaliza kuzunguka ikalia, na hakuisikia. Maisha yake yote ya kazi alikuwa ameamini kwamba ukishaondoa jina, umemficha mtu. Na katika chupa ni kweli. Lakini Mshiriki A hakuwa chupani. Alikuwa dirishani, barabarani, dukani, katika kumbukumbu ya mtaa mzima, na sinia lile lilikuwa jina lake kuliko jina lake. Muuguzi yeyote wa wodini angeliona hilo. Yeye hakuliona, kwa sababu macho yake yalikuwa kwa Antena.

Akaifuta habari ile. Picha za maandishi yake zilikuwa zimeshahamia makundi mengine.

Alipofika nyumbani, kitu cha kwanza alichokiona ni sinia. Lilikuwa jikoni, limeoshwa, limeegemezwa ukutani likichuruzika maji. Mwalimu aliketi sebuleni, mikono mapajani, kama mzazi anayesubiri kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Karibu, mkwe wangu. Chai ipo kwenye chupa."

"Mama, naomba nikueleze."

"Kaa kwanza. Kifutio amenionesha." Kifutio alikuwa mwenye duka la chini, aliyepewa jina hilo chekechea kwa kutafuna vifutio vya wenzake. "Masikini, alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Akasema, Mwalimu, nakuonesha kabla hujaoneshwa na mtu mbaya. Nikasoma palepale kaunta, kwa sauti, hadi mwisho. Unajua nikisoma siwezi kusoma kimya. Wateja wote wakasikia."

Mkwe aliinamisha kichwa.

"Ule mnara ulikuwa unawaka?"

"Ulikuwa unawaka, mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na mimi nikalala."

"Ndiyo, mama."

Mwalimu alitafakari kwa haki, kama alivyofanya kila jambo. "Basi ulisema kweli. Ni kichwa changu. Nisikufiche, hilo limenipa hata nafuu. Afadhali ugonjwa uwe wangu kuliko kuwa wa paa la jirani. Kwa hiyo sayansi yako siigombi. Nagombea asubuhi zangu. Kila asubuhi uliniuliza nimelalaje. Nami nakujibu kwa kirefu, na ndoto nakusimulia, nikisema moyoni, huyu mtoto ananijali. Kumbe ulikuwa unachukua sampuli."

Neno lile, kutoka kinywa kile, lilimfanya mkwe afumbe macho.

"Na nimekusifu, mwanangu. Mtaa mzima. Mpaka kwa fundi viatu nimesema, mkwe wangu amewazimisha mnara kwa ajili yangu. Uliniacha niseme."

"Nilikosa, mama. Ningekuambia lisingekuwa jaribio, maana ukijua tu..."

Alijisikia akisema hivyo, akakoma. Alikuwa bado anautetea utaratibu.

"Ungesema hivi: mama, siku nyingine nitakudanganya, siku nyingine sitakudanganya, tuone kitakachotokea. Ningekubali. Ningecheka, hata. Chekechea tulikuwa na mchezo wa kufungwa kitambaa machoni. Hakuna mtoto niliyemfunga kabla hajasema mwenyewe, nifunge. Wapo waliokataa mwaka mzima. Niliwaacha."

Fundi wa majokofu alikuwa amesimama mlangoni tangu katikati ya mazungumzo, bisibisi bado mkononi. Mkewe alimtazama, akitarajia angalau hasira, maana hasira ingempa kitu cha kujibu.

"Umempima mama yangu kama mkojo," alisema taratibu, akaenda kunawa mikono.

Mtu mwingine angejifungia akaacha siku zipite. Hadubini hakuumbwa hivyo. Kosa kwake lilikuwa kitu cha kusahihishwa, na kusahihishwa palepale lilipofanyika. Kesho yake, kwenye benchi lilelile la nje ya maabara, aliandika kuomba radhi. Aliandika vizuri mno. Alieleza kwamba Mshiriki A ni mama mkwe wake, mwalimu aliyelea kizazi kizima; kwamba alimdanganya na kumdhalilisha ili ashinde ubishi; kwamba anajivua ubingwa na kuketi kwenye kiti mwenyewe. Akaambatanisha picha ya kiti. Hakukuwa na uongo hata wa nukta katika maneno yale.

Kufikia jioni yalikuwa yamependwa kuliko yote aliyowahi kuandika. Mioyo myekundu ilimwagika. "Huyu ndiye msomi wa kweli." "Nimelia ofisini, jamani." "Wangapi tuna ujasiri huu?" Antena naye alitangaza kwamba Hadubini amekiri jaribio lilikuwa la uongo, kwa hiyo minara inaua, na vita vikaanza upya na viti vipya. Yeye hakujali tena. Alipanda ngazi ameishika simu kifuani, kama mwanafunzi anayepeleka nyumbani matokeo mazuri, akampa mama.

Mwalimu aliinyoosha simu mbali na macho yake, akasoma. Safari hii alisoma kimya.

"Umeniandika tena," alisema.

"Ni kuomba radhi, mama. Wote wameona kosa ni langu."

"Nimeona. Wamekusifu sana." Alimrudishia simu kwa adabu, kwa mikono miwili. "Uliniuliza kabla ya kuandika?"

Mkwe aliipokea simu, akaizima kioo.

"Wale ambao jana hawakujua ni nani, leo wamejua. Jana nilikuwa Mshiriki A. Leo nimekuwa mama mkwe wa mwenye moyo mzuri. Mwanangu, hakuna siku huko nimekuwa mimi tu, nimekaa kwangu, sijafanya kitu?"

Hakupaza sauti. Mkwe aliona kwa uwazi wa kutisha, kama anavyoiona picha pale lenzi inaposogea mahali pake, kwamba majuto yake yenyewe aliyapeleka sokoni kabla hayajafika kwa mwenyewe. Kwamba katika siku ile nzima alikuwa amewaomba radhi maelfu ya watu asiowajua, na aliyemkosea alikuwa ameonyeshwa nakala.

Akafuta na hiyo. Kufuta alikuwa amekuzoea sasa.

Mwalimu alimpigia simu mwanawe mdogo, aliyeishi mji mwingine. Kisha akafunga begi, moja, lile alilokuja nalo. Fundi wa majokofu hakumzuia mama, na hakumlaumu mke. Aliibadilisha tu balbu ya chumba kile, kazi iliyokuwa ikisubiri tangu zamani, kana kwamba chumba kinaandaliwa na si kuachwa.

"Utarudi, mama?" mkwe aliuliza.

"Sijui. Nikitaka nitakuambia mwenyewe. Usinikisie."

Jumamosi gari la mwana mdogo lilisimama mbele ya duka la Kifutio. Mkwe alilibeba begi, na kwenye kila ngazi alitamani liwe zito zaidi. Dukani palikuwa na watu wa kawaida wa Jumamosi: fundi viatu, mama wa ghorofa ya kwanza na kikapu chake, vijana wawili wakinunua vocha. Mazungumzo yalikatika walipotokeza. Kila mtu pale alikuwa amesoma, na kila mtu alimtazama mwanamke wa maabara kwa jicho la pembeni alilostahili. Alilipokea. Ilikuwa karibu nafuu kutazamwa hivyo, bila moyo mwekundu hata mmoja.

"Mwalimu, safari?" Kifutio alitoka nje akijifuta mikono.

"Naenda kwa huyu mdogo. Ana mtoto hajui kushika penseli, anaishika kama mwiko."

"Ah." Kifutio alimtupia mkwe jicho. "Sisi tukadhani labda ni yale mambo ya mtandaoni. Tumeumia sana, Mwalimu. Hapa dukani tumelisema, si siri. Mtu kusoma si kigezo cha kumfanyia mzee vile."

"Mambo yapi?" Mwalimu alisimama wima, akaweka sauti ile ya kunyamazisha darasa zima. "Yale tulipanga mimi na mkwe wangu. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ninyi mlidhani mimi ni wa kudanganywa mnara umezimwa na taa naiona inawaka?"

Fundi viatu akaanza kucheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Mwalimu bwana! Kumbe mlikuwa mnawachezea wale!"

"Na sinia?" aliuliza mama wa ghorofa ya kwanza.

"Sinia lilikuwa sehemu ya mchezo."

Wote wakacheka. Mama wa ghorofa ya kwanza alimpiga mkwe begani kwa upendo. Katika sekunde chache heshima ya mwalimu mzee ilikuwa imerudi mahali pake, imenyooka, imepigwa pasi. Na pembeni yake, bila kustahili, imekunjwa pamoja nayo, ikawa imerudi ya mkwe pia.

Mkwe alifungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa amepigana na maneno yasiyokuwa kweli, na hili halikuwa kweli hata kidogo. Lilikuwa likimsafisha mbele ya watu wenye haki ya kumlaani. Sentensi nzima ilikuwa tayari ulimini. Aliimeza, akasogea karibu na sikio la mama.

"Mama, niseme ilivyokuwa?"

Mwalimu hakumgeukia. "Usiseme."

"Sawa, mama."

Akaweka begi kwenye buti, akafunga. Mama aliingia, akavuta sketi yake isishikwe na mlango, akamwambia mwanawe aangalie nyuma vizuri, kuna watoto. Gari likarudi nyuma, likapinda, likaenda.

Kifutio alibaki amesimama karibu na mkwe, akikuna kichwa, haya zimemjaa usoni.

"Dada, utusamehe," alisema. "Tumekusema vibaya sana hapa. Mimi mwenyewe nilisema sitakuuzia tena hata kibiriti. Ungetuambia mapema kwamba mlipatana."

"Kweli, dada, samahani," fundi viatu aliongeza. "Mtu hahukumiwi bila kuulizwa."

Mmoja baada ya mwingine, walimwomba radhi. Alisimama mbele ya duka katikati yao, akiwaitikia kila mmoja, ndiyo, hapana neno, yamekwisha, hadi wote walipomaliza.